Kilomita Mia za Kwanza

Mwisenge, Musoma
4 Machi 1985

Mdogo wangu Clementi,

Huku wazima, joto la ziwa tu ndilo linatutafuna. Wale samaki wadogo, furu, wameadimika, sangara kawamaliza, na watoto wananuna wakiona mlenda siku ya tatu. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la shule, kwa hiyo salamu zako ni hizo hizo, niingie kwenye jambo.

Tairi zimepatikana.

Rudia kusoma hapo, usidhani umekosea. Tairi mbili, ya mbele na ya nyuma, mpya kabisa, bado zina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kujiletea mizigo wenyewe, vitu vimeanza kuonekana dukani kama utani. Juzi nimeona dawa ya meno! Nilisimama nikaiangalia kama mshamba. Basi nikaziona na hizo tairi zimening'inia, nikakumbuka pikipiki yako iliyokaa juu ya mawe miaka miwili, na zile tairi za zamani nilizokushonea kwa uzi wa nyavu ukazijaza majani makavu. Nikazichukua kabla mwingine hajazitia macho.

Kuna maneno machache ya fundi, uyashike. Hizi si tairi za shamba. Ni za mbio na safari ndefu, za watu wenye barabara. Hazina meno, zina mistari. Kwenye tope uende polepole, hazing'ati. Pili, tairi mpya ina ngozi ya kiwandani, nayo inatelezaga. Kilomita mia za kwanza uende kama umebeba mayai. Usilale kwenye kona, usishike breki ghafla, mpaka ile ngozi ichubuke. Tatu, usipake mafuta ya aina yoyote. Vijana wa hapa mjini wanapakaga ili zing'ae, halafu tunawaokota mtaroni. Ukiona vumbi, futa kwa kitambaa kikavu, basi.

Nimempa dereva wa lori la pamba, atakushushia pale Bunda stendi. Kazifunge mwenyewe, unajua namna. Kwenye ubavu kuna mshale, uelekee gurudumu linakokwenda.

Msalimie Boke.

Kaka yako,
Florian


Bunda
11 Machi 1985

Kaka Florian,

Nimeanza barua hii mara mbili kwa furaha, mtu mzima mimi. Zimefika. Siku ya kwanza nililala nazo chumbani. Boke akasema, "Leo nimeletewa mke mwenza mwenye harufu ya duka." Kweli nyumba nzima ilinuka mpira mpya. Nimesahau kitu kipya kinanukaje, Kaka. Kila kitu tulicho nacho kimenuka mtu mwingine kwanza.

Sasa nikuambie nilivyoziona. Ukizipitishia kiganja ni laini, si kama zile za zamani zilizokuwa zinakwangua mikono. Mistari yake imepinda, sijui ni nani alikaa akaichora. Siku ya kwanza nilitoka na pikipiki uani, pale Boke anapomwaga maji ya vyombo, gurudumu la nyuma likaniponyoka kidogo. Nikashusha miguu yote miwili! Nikakukumbuka na mayai yako. Lakini juzi nimeifikisha kwenye lami. Kaka, haipigi kelele. Nilizoea ile ya kushona ikigonga kila inapozunguka, tak, tak, tak. Hii inanong'ona tu. Nilifika Nyamuswa nikiwa sijachoka, nikawakuta wakulima wanang'oa pamba changa wakidhani ni magugu. Wangesubiri mguu wangu ufike ingekuwa wiki nyingine. Na pale ofisini wameshasema mwezi wa sita wanapunguza watu, na mabwana shamba wasiozunguka ndio wa kwanza. Umenishikia kazi yangu.

Nimeandika kwa chaki kwenye tangi namba ya kilomita nilizoanzia, ili niijue ile mia yako. Mpaka leo nimekwenda thelathini. Mafuta nimekusikia. Hata ya kukaangia hatuna, ya kupaka tairi nitoe wapi.

Jumapili naipeleka Butiama Mama aione. Unamjua Mama, kitu kipya kisichopita mikononi mwake si chetu bado. Unaikumbuka baiskeli ya Baba. Nikitoka huko nitakuandikia.

Mdogo wako,
Clementi


Butiama, nyumbani
25 Machi 1985

Shemeji Florian,

Sikusalimii. Salamu zimeniisha, nimezitoa zote kwa watu waliokuja kuzika.

Siku ya mazishi uliondoka bila kuaga na mimi sikukuita. Nilimsikia Baba Mdogo Burito alipokuzuia usitupe udongo kaburini. Alisema, "Mkono uliomletea tairi usimletee na udongo." Nilikuona ukiukung'uta ule udongo kiganjani, na nilinyamaza. Nataka ujue kwamba nilinyamaza kwa kutaka.

Mume wangu aliendesha pikipiki ile na tairi zilizojaa majani miaka mingi, akapita matope ya Serengeti na mito isiyo na madaraja, hakuanguka hata mara moja. Umemletea mpya, siku sita tu toka aandike kwamba zinanong'ona. Alitoka hapa kwa Mama Jumapili alasiri, manyunyu yameanza, akashuka mteremko, kona ya lile daraja la zege. Hapo tu, Shemeji. Mama alisikia kishindo akiwa bado ana mkono juu wa kumpungia.

Watu wanasema zilikuwa tairi mbovu, zimetupwa huko zilikotoka wakatuletea sisi maskini tuzifie. Wanasema wewe ni fundi, ulijua, ukamjaribia mdogo wako. Baba Mdogo ameita kikao Jumamosi baada ya Pasaka, utasimama mbele ya wazee.

Kabla ya wao nakuuliza mimi. Ulijua?

Boke


Mwisenge
30 Machi 1985

Shemeji Boke,

Sikujua. Naapa kwa jina la baba yetu. Niliziminya, nilizikunja, nilizinusa, nilitazama kila mstari kabla sijazifunga kwenye gunia. Zilikuwa nzima. Ningemwekea Clementi kitu kibovu? Nimembeba mgongoni yule. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu.

Lakini sili. Kila nikifumba macho naziona. Nasema labda nilipitiwa, labda kulikuwa na ufa mdogo, jicho langu limezeeka. Fundi akianza kutoliamini jicho lake amekwisha. Wateja nao wamesikia. Banda langu sasa kuku wanapita katikati bila kufukuzwa. Padri wa Nyegina peke yake ndiye aliyeniletea pikipiki wiki hii, nadhani kwa huruma.

Nakuomba kitu kimoja tu. Najua pikipiki ipo hapo uani, waliisukuma wakaiegemeza kwenye ghala. Nisingethubutu kuja kuitazama mwenyewe. Nenda wewe. Pitisha mkono kwenye tairi zote mbili, mzunguko mzima. Tafuta ufa, uvimbe, mahali palipochanika. Halafu soma namba ya kilomita, uitoe ile ya chaki aliyoiandika kwenye tangi. Niandikie ulichokiona hata kama kinanihukumu. Afadhali nihukumiwe kwa kitu ninachokijua.

Florian


Butiama
4 Aprili 1985

Shemeji,

Nimefanya kama ulivyosema. Leo Alhamisi Kuu, wenzangu wamekwenda kanisani, nikabaki.

Kilomita ni themanini na mbili. Zilibaki kumi na nane.

Ufa hakuna. Uvimbe hakuna. Lakini nilipofika karibu niliona sisimizi. Msururu, umetoka mguu wa ghala umepanda tairi la nyuma, wanazunguka nalo kwenye mistari kama wana njia yao. Nikasema sisimizi wanatafuta nini kwenye mpira? Nikapitisha mkono. Umetoka na utelezi, na vumbi limeganda humo kama ugali uliokaa. Nikanusa.

Shemeji, ni samli.

Nilikaa chini pale pale. Mama aliporudi kanisani nikamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka kusikia tu habari za mwisho za mume wake. Akanisimulia huku analia. Anasema Clementi alimwita nje, "Mama, njoo uone Kaka alichonipa." Akazishika, akazisifu. Kisha akaingia ndani akatoa kibuyu cha samli. Akampaka Clementi kwenye paji la uso, akapaka usukani, akapaka magurudumu yote mawili, mzunguko mzima. "Sikuacha hata kidole," ndivyo alivyosema. Maana kitu kipya kinachombeba mtoto hakitoki nyumbani kikavu, na hata baiskeli ya baba yenu aliipaka hivyo hivyo ikamtunza miaka ishirini. Clementi akacheka akasema, "Inatosha, Mama, inatosha." Mama akaingia kunifungia unga wa ulezi, akatoka, wakaagana.

Tairi la mbele halina samli. Nimelitazama sana. Lina mikwaruzo ya mchanga mkavu, kama mtu alichota mchanga akalisugua haraka. La nyuma hakuligusa. Nadhani Mama alirudi na ule unga kabla hajamaliza, na asingeweza kufuta baraka ya mama yake huku mama yake anamtazama. Akapanda hivyo hivyo. Alijua, Shemeji. Barua yako niliikuta mfukoni mwa shati lake, imekunjwa mara nne. "Usipake mafuta ya aina yoyote." Ameipigia mstari kwa kalamu.

Nimekukosea. Nilivyokuandikia siku ile, mtu hamwandikii hivyo hata mwizi. Sasa sikiliza. Siku ya kikao nitasimama mimi, mwanamke au si mwanamke. Nitasoma barua yako mbele ya Baba Mdogo Burito na wazee wote, kisha nitawapeleka ghalani wanuse wenyewe. Utatoka hapo msafi.

Na Mama nitamwangalia usoni. Sijui nitakuwa namuonea huruma au namna gani. Leo nilimpa maji ya kunawa nikashindwa kumshikia birika.

Boke


Mwisenge
8 Aprili 1985

Shemeji Boke,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta, siku ya pili ya Pasaka. Nikuambie ukweli nilivyo mbaya. Nilipofika kwenye neno samli niliruka. Niliruka juu, Shemeji, bandani, peke yangu, nikapiga makofi. Jicho langu halikukosea! Nikatoka nje nikitafuta mtu wa kumwambia. Ilinichukua kama dakika tano kukumbuka kwamba aliyekufa ni Clementi, na kwamba mkono ninaoufurahia kuukamata ni wa Mama.

Nikarudi ndani nikakaa.

Usiisome barua ile. Nakuomba, tena nakuomba kama mkubwa wa mume wako, na kama hukubali kama mkubwa basi kama ombaomba. Ichome. Kisha chemsha maji, chukua majivu ya jikoni, ulioshe lile tairi mpaka sisimizi wakose njia. Lioshe kabla ya Jumamosi, Mama akiwa kisimani.

Mama ana miaka sabini na zaidi. Amezika mume, amezika mabinti wawili, sasa Clementi. Kilichobaki kinachomwamsha asubuhi ni kwamba alifanya la kwake, alimpaka mwanawe vizuri. Ukimwambia kwamba ni ile samli, unadhani ataishi mwezi? Tena si kufa tu. Atakufa akijiita mchawi. Mimi nina mikono, nitatengeneza majembe, nitaziba sufuria, watu watasahau. Wakikataa kusahau nitahamia upande wa Tarime.

Kikaoni nitakuja. Nitasema zilikuwa mbovu. Wewe kaa na wanawake, usinitazame.

Florian


Butiama
14 Aprili 1985

Shemeji,

Nimeliosha. Barua sikuichoma, nimeishona kwenye pindo la kitenge changu. Uniache na hilo.

Jana ulisema uongo vizuri mno. Uliposema, "Niliuona ufa, nikadhani hauna neno," hata mimi ninayejua nilikuchukia kidogo. Na Baba Mdogo alipotamka kwamba usikanyage nyumba hii mwaka mzima, wala siku ya kuweka msalaba, Mama alikuwa jikoni. Alisikia. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa mazuri na kuacha mawe.

Umesahau kofia yako. Nimeitundika ndani.

Boke


Butiama
21 Julai 1985

Mwanangu Florian,

Mimi ni mama yako Marieta. Boke ndiye anayeandika, mimi nasema. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mimi magoti tu. Ulezi mwaka huu umetoka, ng'ombe mwekundu amezaa.

Mwanangu, wanaume walikaa wakasema yao. Mimi sikuulizwa. Nimekaa nayo moyoni miezi mitatu, leo nimeamka nikasema hapana, nisije nikafa na jambo. Nimekusamehe zile tairi.

Nilikuchukia. Nisikufiche. Siku ile kikaoni niliposikia uliuona ufa ukanyamaza, nilitamani ungekuwa si mwanangu nikulaani. Lakini nimefikiri. Mtu anampa wake kitu kizuri, kwa moyo mweupe, kumbe ndani yake mna mauti, na yeye hajui. Hajui! Angejua angekitupa mbali. Sasa huyo utamfanya nini? Utamlilia tu. Ufa mdogo, jicho limepitiwa, nani hajapitiwa. Usijile mwanangu.

Mimi mwenyewe ninachoshukuru ni kimoja. Siku ile nilimpaka vizuri, sikuacha hata kidole. Nikilala najiambia, Marieta, la kwako ulilifanya. Hilo ndilo linalonipa usingizi. Wewe huna la namna hiyo la kukushika, ndiyo maana nimekuhurumia.

Mwezi wa nane tunaweka msalaba. Wanaume walisema mwaka, mimi nasema njoo, na atakayekuzuia aje anizuie mimi kwanza. Nasikia pale Mwisenge unatengeneza majembe tu siku hizi, si vizuri, wewe ni fundi wa pikipiki. Padri amepita hapa akasema amekuazima pikipiki ya misheni uwe unaitumia, ina tairi mpya. Njoo nayo, nimekuwekea samli. Kibuyu kizima, hajaonja mtu. Nitaipaka kama nilivyompakia mwenzako.

Mama yako,
Marieta

Shemeji, hapa ni mimi Boke. Mama hajui kusoma, kwa hiyo hili analidhani ni mapambo ya mwisho wa barua. Aliposema la kumpa usingizi, kalamu ilinidondoka, akaniuliza kama nimechoka. Nikasema wino umekauka. Pikipiki usije nayo. Nisingeweza kusimama pale nikaangalia.


Mwisenge
26 Julai 1985

Mama yangu Marieta,

Boke atakusomea. Na yeye asipunguze wala asiongeze.

Barua yako niliipokea nikiwa nimesimama, nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Asante kwa kunisamehe, Mama. Ni kweli kama ulivyosema. Tairi zile zilikuwa mbovu, nami niliyempa sikujua vizuri nilichompa. Nimelia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilikuwa sijapewa ruhusa.

Na wewe ulifanya la kwako. Hilo nilishike na mimi. Asikuambie mtu yeyote vingine, hata mimi nikija nimelewa siku moja nikasema upuuzi.

Nitakuja kuweka msalaba. Pikipiki ya misheni nimeirudisha Nyegina, kazi zao nyingi. Nitapanda basi mpaka Makutano, kutoka hapo nitatembea. Lile daraja la zege nataka kulivuka kwa miguu.

Lakini ile samli usiigawe, wala usiirudishe jikoni. Mimi ndiye mtoto uliyebaki naye. Nikifika utanikalisha pale uani, unipake mimi. Anza na kichwa, uje mikononi, umalizie miguuni. Usiache hata kidole.

Mwanao,
Florian